Chombo miezi 18, mke siku 90

Tarehe 14 Juni, 1985, wajumbe wa serikali tano za Ulaya walikutana ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid katika mto Moselle, kandokando ya kijiji cha Schengen nchini Luxembourg. Walikuwa wajumbe wa Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Uholanzi na Luxembourg yenyewe. Humo melini wakatia saini mapatano ya kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi wa watu katika mipaka iliyozitenganisha nchi zao. Mapatano hayo, ambayo yalianza kutekelezwa kwa vitendo mwaka 1995, leo yanazifunga nchi 29, na jina la kijiji kile cha wakulima wa zabibu linajulikana na kila aliyewahi kupanga foleni ya viza, awe Dar es Salaam, Kinshasa au Manila.

Mapatano yaliyozaliwa chomboni yangetarajiwa kuwaelewa watu wanaoishi vyomboni. Haikuwa hivyo.

Wapo watu wa Ulaya na Marekani ambao wakishastaafu, au wakishauza nyumba, hununua mashua ya tanga na kuifanya maskani yao. Hawa si watalii wa wiki mbili. Humo ndimo wanamopika, wanamofua, wanamotengeneza injini na kushona matanga, na huhama kutoka bandari moja hadi nyingine kwa kufuata upepo na majira. Mediterania ndiyo bahari inayopendwa na wengi wao, kwa kuwa visiwa vyake viko karibu karibu na kila ghuba ina gati. Miongoni mwao wamo mume na mke wa mataifa mawili. Watu wa namna hiyo wakiishi nchi kavu, tofauti ya uraia wao hujazwa katika fomu, ikakubaliwa, ikasahauliwa. Wakiishi baharini hukumbushwa kila watuapo tanga.

Chukua mfano wa mume Mholanzi na mke Mmarekani. Wameishi Marekani miaka ishirini, watoto wamekua, na sasa wanataka kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa misimu miwili au mitatu kabla magoti hayajachoka. Mashua yao imeandikishwa Marekani. Kitanda ni kimoja, jiko ni moja, na zamu za usiku wanapokezana. Hati za kusafiria ni mbili: moja nyekundu ya zabibu, nyingine ya buluu.

Wanapoingia bandari ya kwanza ya Ugiriki na bendera ya njano juu ya mlingoti, kama desturi ya bahari inavyotaka kwa chombo kigeni ambacho hakijakaguliwa, mambo matatu hupimwa na kila moja hupewa kipimo chake. Mume ni raia wa Umoja wa Ulaya: anaingia kama aingiaye kwao. Mashua ni mali ya mtu mwenye makazi nje ya Umoja, na sheria ya forodha ya Umoja huo inairuhusu kukaa miezi 18 bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo si mdogo, kwani kodi hiyo ni asilimia 24 Ugiriki, 22 Italia na 25 Croatia. Tena miezi 18 ikikaribia kwisha, mashua huvuka hadi Uturuki au Montenegro, hupumzika kidogo nje ya eneo la forodha, kisha hurudi na kuanza kuhesabiwa miezi 18 mingine.

Wa tatu ni mke. Kanuni ya jumla ya Schengen inampa mgeni wa namna yake siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na kipindi hicho hakianzi upya kwa kutoka na kuingia. Kila siku aliyopo ofisa hutazama nyuma siku 180 na kuhesabu. Siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka huhesabiwa. Aliyeingia tarehe 1 Aprili, wakati mashua zinaposhushwa majini baada ya baridi, siku yake ya 90 ni tarehe 29 Juni. Akikaa nje mfululizo, tarehe 28 Septemba ndipo anapoweza kurudi. Julai na Agosti, miezi ya pepo kali za kaskazini ambazo Wagiriki huziita meltemi, miezi ambayo chombo kinahitaji mikono minne kuliko wakati mwingine wowote, mke anatakiwa asiwepo.

Kwa hiyo mashua ya faiba, isiyo na wazazi wala viapo, inapewa miezi 18, na mwanamke aliyeolewa na raia wa Ulaya anapewa siku 90.

Waswahili wana msemo wao juu ya hesabu za namna hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo ulitumiwa sana nchini katika kuhimiza kazi, lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi. Mgeni huhesabiwa siku ili mwenyeji ajue lini ageni wake umekwisha, na ukishakwisha mgeni hapewi mlango, anapewa jembe. Anaingizwa katika kazi za nyumba na kuwa mmoja wa watu wa pale. Na hakuna nyumba ya Mswahili ambamo mke wa mwana wa nyumba huhesabiwa siku. Yeye si mgeni. Hilo ndilo suala lote la ndoa za pasipoti mbili: je, mke au mume wa raia ni mgeni, au ni mtu wa nyumbani?

Umoja wa Ulaya ulikwisha kulijibu swali hilo kwa maandishi, na jibu lake la kwanza linastahili sifa. Agizo namba 38 la mwaka 2004 linasema kwamba raia wa nchi moja ya Umoja anayekwenda nchi nyingine ya Umoja ana haki ya kufuatana na mkewe au mumewe, awe wa taifa lolote duniani. Kwa miezi mitatu ya mwanzo katika nchi hiyo hadaiwi sharti lolote zaidi ya pasipoti na ushahidi wa ndoa. Wakihamia nchi ya tatu, miezi mitatu mingine huanza. Siku hizo hazitakiwi kutiwa katika hesabu ya 90 kwa 180. Kwa mujibu wa Agizo hilo, yule mke Mmarekani anaweza kukaa Ugiriki miezi mitatu na mumewe, akaenda naye Italia mitatu, Croatia mitatu, na Hispania mitatu.

Tatizo ni kwamba haki hiyo si ya mke. Ni kivuli cha haki ya mume. Kivuli hudumu maadamu mwenye mwili yupo. Sheria inamtaja mtu anayefuatana na raia au anayekwenda kuungana naye. Mama wa yule Mholanzi akifariki huko Rotterdam, na mume akapanda ndege kwenda kuzika huku mke akibaki kulinda chombo kilichotia nanga, mke huyo ofisa akimfikia hana la kumwonyesha ila cheti cha ndoa na maelezo. Mume ambaye haki yote imening'inia juu yake hayupo. Hatari hii si ya kufikirika kwa watu wa umri wao, ambao wazazi wao wana miaka themanini na zaidi, na ambao chombo chao hakiwezi kuachwa peke yake katika ghuba iliyo wazi.

Wale wanaoishi kinyumba bila ndoa wana hali dhaifu zaidi. Kwao Agizo halitoi haki ya kuingia. Linaitaka tu nchi iwarahisishie, ikithibitika kwamba uhusiano wao ni wa kudumu. Neno kurahisisha, likifika katika kituo cha polisi wa bandari ya kisiwa kidogo saa kumi jioni, lina maana ile ambayo ofisa aliyeko zamu ataipa.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote iko nyumbani kwa mume. Agizo linamlinda raia aliye katika nchi nyingine, isiyo yake. Mholanzi akiwa Ugiriki, Italia au Ureno analindwa, na mkewe pamoja naye. Mholanzi akiingiza mashua katika bandari ya Uholanzi, nchi aliyozaliwa, iliyompa pasipoti, halindwi na Agizo hilo. Mkewe anarudi kuwa mgeni wa siku 90 chini ya sheria za Uholanzi, mpaka waombe kibali cha makazi kwa masharti ya huko. Ugenini mke ni mtu wa nyumbani, na ukweni ni mgeni! Mtu asiyezijua sheria hizi akielezwa jambo hili atadhani msimulizi amelipindua.

Mahakama ya Umoja iliyoko Luxembourg iliwahi kulipunguza ajabu hili. Katika shauri la Surinder Singh, lililoamuliwa tarehe 7 Julai, 1992, Mhindi huyo alikuwa amemwoa Mwingereza, wakafanya kazi wote wawili Ujerumani kati ya 1983 na 1985, kisha wakarudi Uingereza kuanzisha biashara. Mahakama ilisema kwamba raia aliyekwenda kufanya kazi nchi nyingine ya Umoja na kurudi kwao, arudipo na mkewe au mumewe, asipate haki pungufu kuliko zile alizokuwa nazo huko alikotoka. Uamuzi huo uliwanusuru watu wengi. Hauwanusuru mabaharia hawa. Mwaka 2014 Mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba lazima mtu awe amekaa kweli katika nchi ile nyingine, na kujenga maisha ya familia huko. Kupita pita, mwisho wa wiki hapa na likizo pale, hakutoshi. Na maisha ya mashua ni kupita pita.

Labda itasemwa: basi na watulie. Wachague nchi moja, waombe kadi ya makazi ambayo Agizo linampa mke kwa kipindi cha zaidi ya miezi mitatu, na mambo yaishe. Hapa ndipo fundo linapokazwa. Kadi hiyo hutolewa kwa aliyeweka makazi. Lakini mashua ilipewa miezi yake 18 kwa sababu wenyewe hawana makazi ndani ya Umoja. Siku wanapoweka makazi ili mke asifukuzwe, wanafungua mlango wa mashua kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 24 ya thamani yake ikiwa ni Ugiriki. Idara ya uhamiaji inamwambia mke athibitishe kuwa anaishi hapo; idara ya forodha inaiambia mashua ithibitishe kuwa wenyewe hawaishi hapo. Familia moja imesimama mbele ya madirisha mawili ya serikali moja, na jibu sahihi la dirisha hili ni kosa katika lile.

Upande wa pili wa Atlantiki hauna huruma zaidi. Mume Mholanzi, aliyepata kibali cha kudumu cha kuishi Marekani kwa sababu ya ndoa, akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kuomba mapema hati ya kurejea, anaweza kuhesabiwa kuwa ameyaacha makazi yake. Kila msimu wanaouongeza Ugiriki unakula haki yake Marekani. Akishaipoteza, na akataka siku moja kurudi nyumbani kwa mkewe kwa mashua ileile, hawezi hata kuutumia msamaha wa viza ambao Waholanzi hupewa wanapokwenda Marekani kwa ndege, kwa kuwa msamaha huo haumhusu mtu anayefika kwa chombo binafsi; atakwenda kuomba viza ubalozini kama mgeni mwingine, na mkewe raia atamsubiri. Watu wawili waliokusudia kuzeeka pamoja wanajikuta wakiandika kwenye kalenda nani ataipoteza nchi yake kwanza.

Wengi hupata nafuu ya muda kwa kuvuka maji. Kutoka kisiwa cha Kos hadi Bodrum nchini Uturuki ni karibu kuliko kutoka Bagamoyo hadi Unguja, na mashua iliyong'oa nanga alfajiri huwa imefika mapema kabla ya jua kuwa kali. Uturuki nayo huwapa wageni wengi siku 90 katika 180. Basi wanandoa hao hukaa huku robo ya mwaka na kule robo ya mwaka, wakicheza kidalipo na kalenda. Jambo moja la kupendeza ni kwamba huko Uturuki wote wawili ni wageni sawasawa, kila mmoja na siku zake 90, na hakuna anayemtegemea mwenzake.

Mahesabu haya yamekuwa makali zaidi siku hizi. Zamani ofisa wa kisiwani alifunua kurasa, akatafuta mihuri iliyofifia, akachoka, akafumba jicho. Tarehe 12 Oktoba, 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kompyuta unaoandika kuingia na kutoka kwa kila mgeni pamoja na picha ya uso na alama za vidole, na mfumo huo ulipangiwa kuenea katika vituo vyote vya mpaka ifikapo tarehe 10 Aprili, 2026. Kuweka kumbukumbu sahihi si dhambi. Lakini mke wa raia ambaye hajapata kadi ya makazi, naye huandikwa humo, na kazi ya kueleza kwamba siku zake si za kuhesabiwa kama za wengine inabaki kuwa yake na ya mumewe.

Waingereza wana mkasa wao, na hawana wa kumlaumu. Tangu tarehe 1 Januari, 2021, baada ya nchi yao kujitoa katika Umoja, Mwingereza naye amekuwa mgeni wa siku 90. Wako mume na mke, mmoja Mwingereza na mwingine Mfaransa, waliokuwa wakisafiri pamoja katika maji hayo kwa miaka mingi bila kuulizwa lolote. Wakalala usiku wa mwaka mpya wakiwa sawa, wakaamka mmoja akiwa tegemezi wa mwenzake mbele ya sheria. Wengi wao ndipo walipojifunza kwa mara ya kwanza jinsi foleni ya wengine inavyokuwa ndefu.

Msomaji wa Mtwara au Kigoma hapana shaka amekwisha kuguna. Watu wenye mashua ya kuishi, wenye pensheni ya dola, wanaolalamika kwa sababu hawawezi kukaa Ugiriki kiangazi kizima! Ana haki ya kuguna. Katika Mediterania hiyohiyo, tarehe 3 Oktoba, 2013, chombo kilichojaa Waafrika kilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, na watu zaidi ya 360 wakafa. Hao hawakuwa na siku 90 wala siku moja. Kati ya mashua ya Mholanzi na chombo kile hakuna ulinganifu wa dhiki, na mtu asithubutu kuutafuta.

Lakini daftari linalotumika ni lilelile. Sheria inayompa mashua muda mrefu kuliko mke ndiyo sheria inayopima watu wote kwa karatasi walizozaliwa nazo, na inapomkwaza hata mwenye nacho, makosa yake huonekana waziwazi zaidi, kwa kuwa hayawezi tena kusingiziwa umaskini wa anayekwazwa. Yule Mmarekani hawezi kutuhumiwa kwamba amekuja kunyang'anya kazi za watu. Anakula kwa fedha yake, ananunua mkate na dizeli ya Wagiriki, na ana cheti cha ndoa. Bado anahesabiwa.

Sasa mwondoe Mmarekani katika mfano, na mahali pake aketi mwanamke wa Tanga. Mfano huu si wa kubuni ovyo, maana mashua za kigeni zinazozunguka Bahari ya Hindi hutia nanga Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na ndoa hufungwa. Mwambao huu umezizoea ndoa za vyombo tangu enzi za majahazi ya Oman na Kuwait, yaliyokuja na kaskazi na kungoja kusi ianze kuvuma ndipo yarudi. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyozaa familia nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja, na aliyepanga muda wa mgeni kukaa alikuwa upepo.

Mwanamke huyu wa Tanga hawezi hata kuingia na kuanza kuhesabiwa siku 90. Anahitaji viza kwanza. Tangu Juni, 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, irudi imekubaliwa au imekataliwa. Agizo la 2004 linasema kwamba mke wa raia wa Umoja anayefuatana na mumewe apewe viza bila ada na kwa utaratibu wa haraka. Kwa hiyo akisema aendako na mumewe Mholanzi ni Ugiriki, hapaswi kulipa kitu. Akisema aendako ni Rotterdam, kwa wakwe zake, Agizo halimlindi, na anaweza kutakiwa vielelezo vya kuthibitisha kwamba atarudi Tanzania. Mkwe anatakiwa kuthibitisha kwamba hatakaa. Mmarekani aliugundua upuuzi huu akiwa tayari yumo bandarini. Mtanzania anauona akiwa bado hajatoka Raskazone.

Na ili nyani asisahau kutazama kundule, inafaa kugeuza omo na kuelekea nyumbani. Mashua hiyo ikiingia Tanga, mgeni sasa ni Mholanzi. Atalipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya matembezi, na viza hiyo haizidi siku 90. Namba ni ileile. Akitaka kukaa zaidi na mkewe atafute kibali. Tena Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimfungulia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haikumfungulia. Mtanzania mwanamume anaweza kumleta mkewe chini ya mwavuli wa ndoa, na dada yake hawezi kumleta mumewe chini ya mwavuli huohuo. Ulaya inabagua kwa karatasi ya pasipoti, na hapa pameongezwa ubaguzi wa mume na mke, jambo ambalo halina mahali pa kujificha katika nchi iliyotangaza kwamba binadamu wote ni sawa.

Watetezi wa hesabu za siku wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Wanasema mtu akiachiwa kukaa bila kikomo kwa jina la matembezi atakuwa mkazi asiyelipa kodi, atatibiwa hospitalini bila kuchangia, na serikali haitajua nani yumo ndani ya nchi. Hoja hiyo ina uzito kwa mgeni asiye na uhusiano na yeyote. Kwa mke wa raia haina, kwa kuwa serikali inajua yumo, inajua yuko na nani, na inajua jina la chombo anamolala. Bima ya matibabu inaweza kudaiwa, na uthibitisho wa fedha za kujikimu pia. Agizo lenyewe linadai vitu hivyo kwa raia asiye na kazi anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Kinachokosekana ni hati inayomtambua mtu anayehama hama, asiye mkazi wa nchi moja wala mtalii wa wiki mbili.

Hati hiyo ilikaribia kuzaliwa. Tarehe 1 Aprili, 2014 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza viza mpya ya watu wanaozunguka, ambayo ingemruhusu mtu kusafiri katika nchi za Schengen hadi mwaka mmoja, mradi katika nchi yoyote moja asizidishe siku 90 katika kila siku 180. Wasanii wa jukwaani walitajwa miongoni mwa wale ambao ingewafaa. Wakazi wa mashua ingewafaa kuliko wote, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyoishi tayari: wiki sita Ugiriki, mwezi Italia, miwili Croatia. Serikali wanachama hazikuikubali, na mwaka 2018 pendekezo likaondolewa.

Lirudishwe. Na likirudishwa, liende mbali kidogo kuliko lile la kwanza: mke au mume wa raia wa Umoja anayeishi chomboni apewe muda usiopungua ule ambao forodha inakipa chombo chenyewe, na muda huo usizimike kwa kuwa mume amekwenda kuzika. Kupata hati hiyo kusihesabiwe kuwa ni kuweka makazi, ili dirisha la forodha na dirisha la uhamiaji yaache kupingana. Haki ya ndoa iliyopo Ugiriki iwepo pia Rotterdam. Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji mistari michache katika sheria ambazo tayari zinarekebishwa kila baada ya miaka michache.

Bunge la Dodoma lina mistari yake pia ya kurekebisha, katika ile Sheria ya 1995, ambako neno mwanamke lingefaa kuandikwa mume au mke.